Viazi Vilivyouzwa Havikuoza

Elibariki rafiki yangu,

Tangu tukuzike kijijini kwenu Gare masika yamepita, viazi vipya vimevunwa, na mimi bado nabishana na wewe. Nibishane na nani mwingine? Mwalimu wetu chuoni alisema utafiti wetu uishie hapo, nichukue wastani tu, niandike ripoti, nihitimu. Shikamoo nilimpa, lakini nikakataa.

Unakumbuka swali letu: kiazi kinakaa ghalani muda gani kabla hakijaoza? Mama yako alilitaka jibu kuliko sisi. Kila akivuna, dalali humtisha kwamba vitaoza, naye huuza kwa bei ya kutupa. Jibu letu la kwanza lilikubaliana na dalali. Ukaniambia, "Zuena, kompyuta haina undugu." Kweli haina, ila tulikosea sisi, Eli! Siku ya soko wenye ghala huchagua viazi vizima na kushuka navyo sokoni. Sisi tukikuta havipo, tuliandika vimekwisha, sawasawa na vilivyooza. Vilivyouzwa havikuoza! Tunachojua ni kwamba mpaka siku ile vilikuwa vizima, basi.

Nikaandika programu upya. Vilivyooza vikapata hesabu yao, vilivyouzwa vizima yao. Kompyuta itafute namba za muda wa kuoza ambazo, kama zingekuwa za kweli, yale tuliyoyaona ghalani yangekuwa na uwezekano mkubwa kuliko kwa namba nyingine yoyote. Ikagoma. Inapanda kidogo kuelekea uwezekano huo, inarukia namba hasi, inakwama. Muda hasi, jamani! Nililia, sikufichi, maana wewe ndiye ungecheka. Halafu nikanawa uso. Nikaiambia itafute logi, yaani logariti, za zile namba badala ya namba zenyewe, ili namba zikirudishwa zisiweze kushuka chini ya sifuri. Ikafika kileleni, penye uwezekano mkubwa kuliko wote. Sikuiamini haraka, maana ukipanda milima kwenda Mtae, kila kilima hukudanganya kwamba ndicho cha mwisho. Nikaianzishia mbali, upande huu na upande ule. Kila mara ikarudi palepale.

Viazi vinakaa muda mrefu kuliko tulivyosema, Eli. Mrefu sana.

Nilipanda Gare kumwambia mama yako. Akauliza, "Mwanangu angesemaje?" Nikamjibu ungebisha kwanza, halafu ungekubali. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Dalali alipofika na gari lake na kupiga honi, mama yako hakuinuka. Aliendelea kupukuchua maharage yake.

Nimekukosa vibaya mno. Kwenye ripoti jina lako litatangulia, langu lifuate. Mwalimu asipotaka, nitarudi ofisini kwake mpaka atake.

Kwaheri, ndugu yangu, pumzika. Kila wiki nitapanda kukagua viazi vya mama yako. Na vikioza mapema, ni mimi nitakayemtazama usoni.

Zuena