Tulilima Malisho ya Kiboko

Jumatatu, 2 Septemba

Kiboko kaingia tena bustanini. Yule jike mwenye mtoto — nyayo za mdogo ziko pembeni mwa za mama. Mahindi yamelala chini, mistari mitatu. Na haya ndiyo chakula chetu mpaka mvua zirudi, ya kondeni yalikauka yote. Mume wangu, Baba Yelemia, hata nsima, ugali wetu, hakuimaliza kwa hasira. Anasema safari hii anawaita askari wa wanyamapori waje na bunduki.

Lakini mabua mengi yamekanyagwa tu. Mnyama mkubwa vile, mwenye njaa, anaacha mahindi? Ajabu.

Jumanne, 3 Septemba

Nilipokwenda kuteka maji nilipitia penye nyasi fupi, nikapiga magoti kuziangalia. Siku zote nilidhani kiboko anakata kwa yale meno marefu. Wapi! Nyasi zimenyofolewa, ncha zimechanika, upana wa ungo mdogo kila alipoinama. Anakula kwa midomo. Meno ni ya ugomvi.

Mavi yake nayo nimeyavunja kwa kijiti. Nyasi tupu, hazikutafunwa vizuri. Sikuona hata ganda la punje.

Wifi Zelesi kanikuta nimeinama, akauliza kama nimehamia kwa mume mwingine mtoni. Nikamwambia aje aone anavyokula. Akasema yeye anataka kumwona sufuriani.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeifuata njia yake kutoka majini. Mifereji miwili, katikati tuta, imechimbika kwa miaka. Inapanda moja kwa moja mpaka kwenye ua wetu wa miiba. Ng'ambo ya bustani inaendelea!

Hapo nikaelewa. Mwezi wa nne tulipapenda mahali hapa kwa sababu hapakuwa na kichaka cha kufyeka. Nyasi fupi, udongo mweusi. Tulisema Mungu ametufyekea. Kumbe aliyefyeka ni yeye, kwa midomo yake! Tumelima zaidi ya nusu ya malisho yake, halafu tukamzibia njia.

Nilimweleza Baba Yelemia wakati wa chakula. Akauliza, kwa hiyo tukamwombe radhi? Wifi akacheka mpaka bamia zikampalia. Nilikasirika, kisha nikacheka na mimi. Nikasema akiuawa huyu, atakuja mwingine kwa njia ileile. Baba Yelemia akajibu, huyo naye tutamla.

Askari wanakuja Jumapili.

Ijumaa, 6 Septemba

Baba Yelemia kaenda mashineni kusaga. Nimeivuta miiba yote, nikaipanga upya pande mbili, katikati nikaacha njia. Viazi vitamu vya katikati nimevitoa sadaka. Mikono imechomwa, siwezi hata kushika mwiko.

Sijamwambia mtu. Naogopa. Nikikosea, basi nimemfungulia mlango wa chakula cha wanangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Wamepita katikati! Mama mbele, mtoto nyuma, mpaka kwenye nyasi za ng'ambo. Hakuna bua lililoguswa. Nimefurahi nikataka kuimba.

Baba Yelemia kaitazama miiba, kaitazama mikono yangu. Hakuuliza. Alisema tu kwamba siku moja si kitu.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika kibandani, hapa hapa bustanini. Nimetangulia alfajiri. Nyasi za ng'ambo zimeisha, amezinyofoa mpaka udongo unaonekana. Hazikumtosha, ananyonyesha yule. Wakati wa kurudi amesimama pale miiba ilipokuwa michache. Ameingiza kichwa. Mstari mmoja umeliwa kweli, safari hii si kukanyagwa. Ncha zimechanika — nazijua sasa.

Mmoja. Angeweza kumaliza yote.

Gari la askari limefika kabla sijajua la kufanya. Wako wawili, mmoja ana bunduki. Wamesimama na Baba Yelemia, mstari ulioliwa uko nyuma yao. Bado hawajageuka.

Askari anauliza kama usiku ameingia tena.

Baba Yelemia kaokota mwiba mmoja. Askari kamuuliza tena, wewe si ndiye uliyetuita? Anajibu pole pole, kama anayesoma: "Muulizeni mke wangu. Mambo ya ulaji wake anayajua yeye."

Wote wanatazama huku kibandani.

"Mama Yelemia! Njoo uwaambie."

Ananiita mara ya pili.