Biti ya Kumi na Moja

Mbinga,
msimu wa kuchuma kahawa

Kaka yangu Mathayo,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima hapo Morogoro, na mama awe ameanza kutembea bila mkongojo. Kifua chako nacho kinaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila roho inaniuma, na sina wa kumwambia zaidi yako uliyenifundisha kazi.

Tangu kiwanda chetu cha huko Morogoro kipigwe kufuli nipo huku, kwenye karakana ya mtu binafsi. Kazi nyingi ni mashine za kusaga, maana siku hizi kila mwenye uwezo anafungua yake. Mwezi uliopita Otmari wa Litumbandyosi alileta kikalio cha beringi cha mashine yake. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika mgeni, akanifundisha salamu za Kimatengo na kunicheka nilipokosea. Tundu moja la kikalio hesi zake, ile mikato ya ndani inayoshika bolti, zilikuwa zimelika. Ikabidi nitoboe upya, nikate kwa tepu hesi za bolti kubwa zaidi, ya milimita kumi na mbili.

Nikapiga hesabu yako: unene wa bolti, toa nafasi ya hesi moja hadi nyingine. Kumi na mbili toa moja na robo tatu; biti ya kutobolea ni kumi na robo. Hatukuwa nayo. Kulikuwa na ya kumi na moja tu.

"Tumia hiyo hiyo," tajiri mwenye karakana akasema. "Tepu itapita kilaini. Mteja anasubiri."

Nilijua, kaka. Tundu likiwa pana, hesi zinatoka fupi, hazishiki. Ningeweza kumwambia Otmari asubiri biti kutoka Songea. Sikumwambia. Nilipomaliza kukaza akanipiga bega: "Fundi wa Morogoro!"

Wiki ya pili bolti iling'oka mashine ikizunguka. Puli, lile gurudumu la mkanda, ikaruka, ikampiga Otmari kifuani. Alikata roho wakiwa Kitai, njiani kuletwa hospitali.

Msibani watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Nilivumilia mpaka matanga yakaisha, ndipo nikaenda kwa mama yake.

"Mama, tundu lile nililitoboa kubwa kupita kiasi."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilijua."

"Na mwanangu alijua?"

"Hapana, mama."

Alijifunika uso kwa kanga. Kisha akasema, "Wajukuu wangu wanakula kwa mashine ile. Itengeneze."

Kwa tajiri nimeacha kazi. Nilipanda basi mwenyewe kwenda Songea kununua biti. Tundu lilikuwa limeharibika, nikapandisha hadi bolti ya kumi na nne: toa mbili, biti kumi na mbili kamili. Nilikata hesi taratibu, robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, kama ulivyonizoesha.

Juzi tuliwasha. Mama yule alisaga mahindi yake ya kwanza, akasonga ugali, akaniwekea peke yangu barazani. Hakuniambia karibu, wala hakukaa nami. Nilikula nikamaliza sahani.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Kilosa akija. Mama mwambie mwaka huu sitakuja. Nimeahidi kuiangalia mashine ile mpaka mtoto mkubwa wa Otmari aweze kuiendesha. Sababu usimwambie.

Mdogo wako,
Simoni