Mama Chebet, Sasa Niko Ndani ya Wimbo

Mama Chebet,

Chamgei. Najua hutaitika, lakini nikianza kuongea na wewe bila kukusalimu kwa lugha yako utauliza nimelelewa wapi.

Ni miezi minne tangu tukuzike kwenu, ng'ambo ya Litein. Mstari wako wa chai amepewa msichana kutoka Bomet. Ana mkono mwepesi na haongei sana. Siku ya kwanza nilikasirika kumwona amesimama pale uliposimama wewe miaka yote, kikapu mgongoni, halafu nikaona haya. Kwaya nayo haijapata mtu wa kuanzisha nyimbo. Kila mmoja anangoja mwenzake, kisha tunaanza wote pamoja, vibaya.

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Jumapili yangu ya kwanza pale kanisani, nilikuchukia. Nilikuwa nimetoka Kisii na gitaa, kaka yangu Ombati ndiye alinifundisha, na nilikuwa nimezoea sifa. Mwanamke apige gitaa, watu waligeuza shingo. Baada ya ibada walinipa mkono wote. Wewe ulingoja waondoke, ukaniambia, "Kerubo, vidole vyako vinajua kazi. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Kweli nilikuwa nawaza kama wananitazama.

Ndipo ukanionyesha mahali unapokaa asubuhi, nyuma ya nyumba zetu za kampuni, kabla nyapara hajapuliza filimbi. Ulitandika gunia kwenye umande, ukanyamaza. Nilitarajia maombi marefu. Kumbe ni kunyamaza tu, halafu kuyasema maneno ya wimbo wa Jumapili polepole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mboga. Ukifika kwa neno usiloliamini, unasimama hapo. "Usiliruke," ulisema. "Mwambie Mungu, hili limenishinda."

Mwezi wa kwanza nilikuwa nasinzia pale pale nikiwa nimekaa. Hukuniamsha hata mara moja. Kisha asubuhi moja nilikwama kwa neno "amani", sijui kwa nini. Jumapili ile, tulipofika hapo, mkono wangu ulipunguza mwendo wenyewe. Uligeuka ukanitazama, ukaendelea kuimba.

Halafu ukaja ule mwaka wa vyama vingi, na vita. Watu wenu na wetu, waliochota maji kwa mto mmoja, wakachomeana nyumba. Ombati alikuwa na shamba karibu na Chepilat. Nyumba yake ilichomwa, na mshale ukapita katikati ya kiganja chake cha kushoto. Alipona, lakini vidole viwili havikunjiki tena. Yeye aliyenifundisha hawezi tena kubonyeza nyuzi. Nilipotoka kumwona hospitali nililisukuma gitaa chini ya kitanda.

Kesho yake ulikuja na gunia lako kama kawaida. Nilikuambia maneno ambayo mpaka leo yananiuma: "Usiniombee mimi. Nenda uwaombee watu wako."

Ukasema, "Nawaombea kila siku, Kerubo. Ndiyo maana sauti yangu imekauka hivi."

Nami nilikuwa nimedhani ni mafua.

Hukuniambia nisamehe. Wengine wote waliniambia. Wewe ulisema, "Hayo maneno uliyonipa mimi, mpe Yeye hivyo hivyo. Usiyapambe." Nikafanya hivyo. Asubuhi baada ya asubuhi nililaani watu wenu kwa Kikisii, na wewe umekaa kando yangu, bega kwa bega. Maneno hukuyajua, lakini sauti ya mtu anayelaani haihitaji mkalimani. Hukuhama. Wenu walikuuliza unatafuta nini kwa Mkisii, na wetu wakaniuliza vivyo hivyo.

Ile hasira haikuisha, ilichoka. Siku moja nilifungua mdomo sikupata la kusema, nikalia, nawe ukalia. Jioni nikalitoa gitaa.

Jumapili ile kanisa lilikuwa nusu tupu, watu wenu upande huu, wetu upande ule. Nilipiga wimbo ule ule niliopiga siku ya kwanza, na mapambo yote nikayaacha. Kila neno nililijua kwa sababu nilikuwa nimelililia. Kwenye ubeti wa tatu wewe ulishindwa kuendelea kuimba. Gitaa likaenda peke yake kidogo, halafu mzee mmoja wa upande wenu akapokea, na mama mmoja wa kwetu, na baadaye sikuweza kutofautisha.

Sasa mazishi yako. Niliogopa kuja. Ombati ndiye aliyesema, "Nitakupeleka," na hakuwa amepita Chepilat tangu siku ile. Kando ya kaburi nilikaa kimya na gitaa mapajani mpaka mchungaji akakohoa. Nilikuwa nimekwama kwa neno "kwaheri". Nilimwambia Mungu limenishinda, nikapiga hivyo hivyo likiwa limenishinda. Watu wanasema nilipiga vizuri. Sikumbuki.

Baadaye Baba Chebet alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya mgando. Unajua miaka yote alivyokuwa akiitikia salamu yangu kwa kichwa tu. Alimpa Ombati kwanza. Alipoona jinsi anavyokishika kile kibuyu, alikipokea tena, akauchukua ule mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao. Mwishowe akasema, "Mlete dada yako tena."

Sitaki udhani nimekuwa mtakatifu. Tangu uondoke, asubuhi nyingi ni kavu. Nakaa, nanyamaza, hakuna kinachokuja, na Jumapili napiga kama fundi anayepigilia misumari. Lakini wewe pia uliwahi kuniambia ulikaa mwaka mzima hivyo, baada ya kumzika mtoto wako wa pili, na uliendelea kukaa. Nimeshika hilo.

Naahidi sitapiga mbele ya watu wimbo ambao sijaunyamazia. Na Jumamosi tunakuja, mimi na Ombati. Tumesikia chai yenu imezidi na Baba Chebet yuko peke yake. Gitaa nitaliacha nyumbani. Tutachuma mpaka tumalize, halafu nitakuja pale ulipo nikae na wewe kidogo, bila kusema kitu.

Pumzika, mama. Kongoi, asante kwa yote.

Wako,
Kerubo