Klara wa Nyamira

Nyamira, 14 Machi 1965

Kwa Baba Klara,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi ni wazima, ila mume wangu Makori anasumbuliwa na mgongo. Mama Klara je, siku hizi anakula?

Pale misheni hawajapata mwalimu mwingine wa useremala badala yako. Makori anafundisha peke yake na kila mara anawaambia vijana, "Konrad angekurudishia hiyo mbao upige randa tena." Telegramu ilipokuja kwamba baba yako amepooza na kiwanda cha peremende cha ukoo wenu hakina mtu wa kukiongoza, sisi wenyewe tulikwambia nenda. Ukasema mwaka mmoja. Huu ni wa pili.

Kuhusu mtoto usihangaike. Nikienda sokoni napitia kaburini, nang'oa majani. Jethro wangu bado anamtaja. Malaria ile ingemchukua yeye pia. Walikuwa wakinywea uji kikombe kimoja.

Dada yako,
Mama Jethro

Ujerumani, 2 Desemba 1965

Dada yangu Mama Jethro,

Pokea salamu zangu, wewe na Makori. Mgongo umepata nafuu? Mimi mwili hauna neno.

Baba hawezi kusema tena. Nikimweleza habari za kiwanda ananitazama tu. Wazee wa pale walianza kazi kabla sijazaliwa, na wote sasa wananingoja mimi niseme la kufanya. Krismasi tunachemsha sukari bila kupumzika, ikiisha, Pasaka. Kila nikitaka kusafiri, sikukuu iko mlangoni.

Nimetengeneza peremende mpya, ya maziwa na ndizi. Nimeiita Klara. Mke wangu Greta alipoona jina kwenye karatasi aliinuka mezani. "Umemuuza," akaniambia. Tangu turudi hataki Nyamira itajwe nyumbani. Mimi nilitaka tu watu walitamke jina lake.

Kaka yako,
Baba Klara

Nyamira, 9 Januari 1969

Kwa Baba Klara,

Hamjambo nyote? Tulisikitika kusikia baba yako alizikwa. Huku tuko salama, majani chai yamestawi.

Nakuandikia kwa haraka. Barabara ya Kisii inapanuliwa na tingatinga litapita kwenye makaburi ya misheni. Padri ametangaza kila mtu amwondoe mtu wake kabla ya masika. Tafadhali njoo, hata kama ni kwa siku chache. Kazi hii si ya jirani.

Dada yako,
Mama Jethro

Ujerumani, 3 Februari 1969

Dada yangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Waombe wangoje Pasaka ipite. Mashine mpya zimekataa kufanya kazi, na nikiondoka sasa kiwanda kitafungwa, watu wote wabaki bila kazi. Nakuja Aprili. Naapa.

Kaka yako,
Baba Klara

Nyamira, 30 Machi 1969

Kwa Baba Klara,

Salamu kwako na kwa Mama Klara. Sisi tunaendelea.

Hawakungoja. Makori alichimba mwenyewe, mgongo wake huo huo. Nilimpokea mtoto kwenye leso yangu. Kiatu kimoja kilikuwa bado kimefungwa kifungo.

Tulipofika nyumbani, wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani. Mzee Ogari akauliza, "Mtoto wa Mzungu atazikwaje kwenye boma letu? Baba yake yuko wapi?"

Makori akajibu, "Baba yake yuko kazini. Huyu alikula kwangu, alilala kwangu. Mnataka nimpeleke wapi?"

Wakashauriana. Mwishowe Ogari mwenyewe akachukua jembe. Tumemlaza upande wa kushoto wa nyumba, ambako ukoo huzika watu wa kike, kama binti yetu.

Sikukukasirikia, lakini nililia sana.

Dada yako,
Mama Jethro

Ujerumani, 17 Septemba 1972

Dada yangu Mama Jethro,

Mko wazima? Najua sina haki ya kuuliza. Barua yako imekaa nami miaka mitatu na kila nikishika kalamu aibu inanishinda.

Peremende ile imetuokoa. Inauzwa kila mji. Jana nilikuta karatasi zake kwenye matope nje ya shule, watoto wanazikanyaga. Niliinama nikaziokota, jina lake limelowa, na watu wakanishangaa: mkurugenzi mzima anaokota takataka.

Nimeuza kiwanda. Wenye pesa wamenunua na jina pia, siwezi tena kuwazuia wasiliandike. Baada ya kuwakabidhi nitakuja, mwezi wa kwanza. Nionyesheni tu pa kupiga magoti.

Kaka yako,
Baba Klara

Nyamira, 20 Oktoba 1972

Kwa Baba Klara,

Tumefurahi mno, mpaka Makori amesahau maumivu yake. Njoo. Hakuna atakayekuuliza lolote. Ogari anasema ukifika atakuonyesha mahali yeye mwenyewe.

Dada yako,
Mama Jethro

Ujerumani, 28 Januari 1973

Mama Jethro,

Nakusalimu, dada. Kiswahili changu kimeharibika, nivumilie.

Konrad alifariki kabla ya Krismasi. Aliwapeleka wenye kununua kila chumba cha kiwanda, akawaaga wafanyakazi mmoja mmoja, akarudi nyumbani na kuketi jikoni bila kuvua koti. Nilidhani amechoka. Moyo ulikuwa umesimama. Tikiti ilikuwa mfukoni.

Barua zako nimezisoma zote baada ya mazishi. Sikujua kwamba mlimhamisha mtoto. Alijaribu kuniambia na mimi nilikuwa nikitoka chumbani.

Nitakuja mimi. Niambie, nikiingia langoni kaburi liko umbali gani, na kuna nini kando yake. Nataka nikifika niende moja kwa moja kwa mwanangu, nisimwulize mtu.

Mama Klara