Nenda Ukafokewe, Keneuoe

Ha Makoatsane,
Mokhotlong,
Lesotho.
14 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Keneuoe,

Pokea salamu kutoka huku kwenye theluji. Mwili unaendeleaje? Kichwa kinauma? Miguu imevimba? Niandikie ukweli, usiniambie "sijambo" kwa sababu ya adabu tu. Sisi tupo. Mama bado anakohoa, na shemeji yako Sechaba amerudi kwenye kondoo wake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza ujifungulie hospitali, ambako wauguzi wanakufokea, au kwa yule mkunga wa mtaani kwenu anayekuandalia chai. Yaliyonipata mwezi wa Machi nilikuficha. Leo nakwambia, maana hata mimi nilichagua.

Pale zahanati yetu yuko Nesi Nthofeela, mdomo wake moto. Nilipokwenda mara ya tatu alinipima presha, akanikazia macho. "Wewe mama, unataka kufa? Presha hii si ya kurudi nayo nyumbani. Kesho njoo na blanketi zako, ulale hapa kwenye nyumba ya wajawazito mpaka uzae!" Wanawake kwenye benchi wakacheka. Nikaona aibu, nikaondoka, sikurudi tena.

Nikaenda kwa 'Mamotena, mkunga wa hapa kijijini. Alinikanda mgongo, akaniita mwanangu. "Miguu kuvimba si kitu, huyo ni dume linakuja na maji yake," alisema, tukacheka wote. Hakunipima chochote. Nami sikumuuliza: mambo yakiharibika utanipeleka wapi, na kwa gari la nani? Ndilo swali la kumuuliza huyo wako kabla hujanywa chai yake.

Uchungu ulianza asubuhi. Nikaona vimulimuli machoni, kisha sikuona kitu. Wanasema nilishikwa na degedege kwa ajili ya ile presha. Sechaba na majirani walinifunga kwenye blanketi, wakanibeba mpaka barabarani. Walifika jua likiwa utosini. Nesi Nthofeela alitufuata pale na gari la wagonjwa, akapanda nami hadi hospitali, akinifokea njia nzima nisilale.

Mtoto alikuwa wa kike. Alifia tumboni. Tumempa jina la bibi, Sebolelo.

'Mamotena alikuja, akalia nami mpaka akaishiwa sauti. Sikumfukuza. Si mtu mbaya, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Kwa hiyo nenda hospitali, Keneuoe. Nenda ukafokewe.

Halafu hiyo orodha yako uliyoniandikia, ya kutembea saa nzima kila alfajiri, kuacha sukari, na kutoogopa kitu chochote: ipunguze. Mimi nilitoka hospitali nikajiapia kwamba mwezi hautaisha kabla sijawa Limpho yule wa zamani. Siku ya nne nikabeba ndoo, nikaanguka nayo njiani. Nesi akanijia nyumbani, mpaka kitandani.

"Nani kakutuma maji? Wiki hii kazi yako ni kumeza dawa na kula mchana. Basi."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo utaniuliza wiki ijayo."

Nilimchukia, lakini nikamtii. Sasa natembea mpaka kwenye zizi na kurudi bila kupumzika. Presha imeshuka, ingawa si sana.

Mama anataka nije huko Welkom nikuhudumie baada ya kujifungua. Nimemkatalia, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Siku za kliniki, mtoto yeyote akilia, mimi hutoka nje. Nimejiwekea jambo moja tu kwa sasa: kubaki nimekaa mpaka mtoto anyamaze. Nimejaribu mara tano. Bado sijaweza.

Nikiweza, nitapanda basi.

Nisalimie shemeji Molefi na shangazi 'Mathato. Mungu akufungue salama, atuachie nyote wawili, wewe na mwanao.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Limpho