Mkurugenzi Asiye na Mgongo

Jumatatu, 4 Machi

Siku kumi na moja zimebaki, na hakuna anayecheka.

Leo tumepitia onyesho zima mbele ya fundi taa na wafagizi wa ukumbi. Nyimbo kumi na mbili. Kibonge, anayecheza Mkurugenzi, aliimba hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mfagizi mmoja akapiga mwayo — nilimwona! Mwayo wa kuonyesha magego.

Mwongozaji akaniambia maneno yangu ni mazuri mno. Mno vipi, dada? nikamuuliza. Mazuri kama majibu ya mtihani, akasema. Nilitabasamu. Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Huyu Mkurugenzi wa katuni ya Baba alichekwa gazetini miaka kumi na tisa. Visanduku vinne tu vya michoro kila asubuhi, na ofisi nzima zilianza kazi kwa kicheko. Kwangu amekuwa mkavu kama chaki.

Jumanne, 5 Machi

Baba haulizi kitu. Tangu mhariri mpya aiondoe katuni yake mwaka jana — wasomaji wanataka kurasa zaidi za mpira, eti — kalamu zake zimefungwa kwa mpira wa kufungia noti, hazigusi. Nilipomwomba ruhusa ya kumpandisha Mkurugenzi jukwaani alijibu, "Haya." Basi. Mama anasema kwa Baba hiyo ni hotuba.

Mimi nataka zaidi. Nimeandika kurasa tisini ili mtu mmoja aseme kitu. Naona aibu kuliandika hata humu.

Jumatano, 6 Machi

Kibonge alikuja kumwamkia Baba. Shikamoo, marahaba, chai. Mama akamchokoza: hebu tuone huyo bosi wako! Kibonge hajui kukataa. Akaimba katikati ya sebule, akageuka kuelekea dirishani kwa mbwembwe.

Baba akaweka kikombe chini. "Amegeuka."

Nani, Baba?

"Mkurugenzi. Sijawahi kumchora mgongo."

Nilidhani anatania. Nimepekua makasha matatu ya magazeti, vumbi hadi kooni. Ni kweli! Anaingia kwenye gari kinyumenyume. Anapanda ngazi kinyumenyume. Yuko kwenye lifti, wenzake wote wameelekea mlangoni, yeye peke yake katutazama. Mimi niliyekuwa nikizipaka rangi hizi katuni nikiwa na meno ya utoto, sikuona!

Kwa nini, Baba?

"Akigeuka tu, mtu atakalia kiti chake."

Akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi, 7 Machi

Kibonge anatembea kama kaa. Anatoka jukwaani kinyumenyume, anapapasa kitasa nyuma ya makalio, anamsalimia Waziri wa kwenye mchezo huku kiti kakikumbatia. Waziri naye hataki kugeuka. Wakazungukana dakika nzima bila neno, kinanda kikiwafuata taratibu. Mfagizi wa mwayo amekaa sakafuni, anajifuta machozi kwa aproni!

Nimekata nyimbo mbili. Zangu bora kabisa. Nimezikata mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na imeuma kama kung'olewa jino.

Ijumaa, 15 Machi

Wamejaa! Wamesimama hadi ukutani! Safu ya tatu ilikuwa ya maofisa watupu, suti kwa suti, nao walicheka kuliko wote — kila mmoja akimnyoshea kidole jirani yake. Kibonge alipoingia kitandani kulala, kiti kikiwa kimefungwa kiunoni kwa mkanda, sikusikia tena kinanda. Ukumbi ulikuwa unanguruma. Nilijiuma kidole nisipige kelele. Mwongozaji alininyanyua juu juu kama gunia.

Mama alikuja. Baba alisema mguu unamsumbua. Asubuhi mguu ulikuwa mzima.

Jumamosi, 16 Machi

Mapumziko. Naandika juu ya goti, nyuma ya pazia. Leo wanacheka zaidi ya jana. Tiketi za wiki ijayo zimekwisha zote.

Kuna mabishano mlango wa wasanii. Mlinzi anasema mzee, huku hupiti bila kitambulisho. Na sauti ninayoijua kuliko yangu inajibu: namtaka mwandishi.

Mwandishi wa gazeti? anauliza mlinzi.

Mwandishi wa haya mambo mnayoyafanya humu ndani, anasema Baba. Mwambie wimbo wa lifti una ubeti mmoja wa ziada, na naona kwenye ratiba mliyotugawia vitini unarudi sehemu ya pili. Aukate sasa hivi, bado mapema.

Hakusema binti yangu. Mwandishi!

Naandika mbiombio, mwandiko huu hausomeki. Kengele ya kwanza hiyo. Kibonge kanishika bega: dada, mzee anasema tukate ubeti — ubeti upi? Sijui! Ubeti gani, zote nazipenda! Mpiga kinanda keshakaa, anatafuta penseli. Mlinzi anamwambia Baba haijalishi wewe ni nani. Baba anasema hajasema yeye ni nani, amesema ubeti.

Naenda mlangoni na kalamu nyekundu —