Niliandika "Hutambuliki"

Kibondo, Alhamisi, Novemba 2014

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ya taratibu, bila radi. Umeme upo. Na mimi nimetulia sasa, ingawa mchana nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Tovuti ya chama cha wafugaji nyuki niliitengeneza mimi. Mwanachama anaingia kwa namba ya simu na neno la siri, anaona siku ya kupeleka asali. Akikosea kujaza, linatokea neno moja jekundu juu ya ukurasa: Hutambuliki. Nililiona fupi na safi. Nilijisifu hata.

Leo akaja Mama Evelina kutoka Mabamba, amelowa, kitenge kimemganda miguuni. Nilimpa kiti, hakukaa. Alifungua mfuko wa nailoni, akatoa cheti chake cha uraia, akakiweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi nimeshatambuliwa. Karatasi hii hapa. Nani tena amesema sitambuliki?"

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kwamba juzi dada wa steshenari alimfungulia ukurasa, akajaza, likaja lile neno. Wakarudia mara tatu, likaja lilelile. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye kazaliwa huku, na cheti hicho alikisubiri miaka. Tangu juzi hajapata usingizi.

Neno langu moja.

Nilimwomba ajaze tena nikiona. Namba yake aliianza na 255, kama anavyowapa ndugu zake wa ng'ambo. Fomu yangu inataka sifuri. Ni hilo tu.

"Mama, kosa ni langu, si lako."

Akavuta kiti, akakaa. "Basi liandike hivyo."

Nikaandika, yeye akiwa amekaa pembeni na chai. Sasa maelezo yanatokea chini ya kisanduku chenye tatizo: "Tafadhali anza namba yako na sifuri." Na alichokwisha kujaza mtu hakifutiki. Akajaribu mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akaingia. Jina lake lilipotokea alilisoma kwa sauti, kisha akakunja cheti polepole na kukirudisha mfukoni.

Ameondoka na mvua yake. Mimi nimebaki kupitia kurasa nyingine.

Kesho naanza na ule wa kujiandikisha. Huko, nimeona, niliwaandikia watu "Umekataliwa".